Mgeni Analipia Nini? Funzo Kutoka Msitu wa Karura

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kabla ya ziara ya mafunzo.)

 

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Mada tuliyopewa na kamati ni matembezi. Tulipoitaja katika mkutano uliopita, mama mmoja alisimama akauliza, "Matembezi? Mimi natembea kila siku kwenda mtoni na kurudi na mtungi mgongoni. Mbona hakuna anayenilipa?" Watu walicheka sana. Lakini swali lake ni zuri kuliko kicheko chetu, na tumekuja kulijibu. Maana hapa hapa Kenya kuna watu wengi wanaotoa pesa mfukoni ili watembee tu chini ya miti, halafu warudi nyumbani. Hawabebi kuni wala hawachoti maji. Wanatembea, basi. Na kuna vijana waliokulia katika nyumba za mabati kando ya miti hiyo ambao wamepata kazi kwa sababu ya matembezi hayo.

Mahali penyewe ni Msitu wa Karura, Nairobi. Ukitoka katikati ya jiji, ukashika barabara ya Kiambu au ile ya Limuru, hukai sana kwenye matatu kabla ya kuuona. Si msitu wa mbali kama Mau au Aberdare. Uko katikati ya mitaa ya watu. Upande huu ni Muthaiga, upande ule ni Gigiri penye ofisi za Umoja wa Mataifa, kule ni Runda, mitaa ya nyumba kubwa zenye kuta na mageti. Lakini papo hapo kwenye ukingo wa msitu kuna kijiji cha Huruma, ambako jamaa nzima inaweza kulala katika chumba kimoja. Matajiri na maskini wote ni majirani wa mti ule ule. Mshike jambo hilo, maana ndilo litakalotusaidia huko mbele.

Msitu wenyewe una hekta 1,041, yaani zaidi ya ekari 2,500. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Barabara ya Limuru imeukata, na kile kipande kidogo cha ng'ambo kinaitwa Sigiria.

Sasa, mtu akiingia huko anaona nini? Asitegemee simba. Anayetaka simba aende mbuga ya Nairobi. Karura kuna kima wengi, na akinyamaza kidogo ataona paa au pongo akivuka njia. Kuna mbega weusi kwa weupe, wenye mikia kama shela ya bibi harusi, ambao walihamishiwa humo kutoka Kipipiri ambako walikuwa wanagombana na wakulima. Kuna mto, na mto huo una maporomoko ya maji ambayo mtu anaweza kushuka hadi chini akasimama karibu nayo. Kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichia miaka ya 1950. Kuna ziwa dogo lenye mayungiyungi. Na kuna njia, zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Asiye na baiskeli anakodisha pale pale. Jumapili utawakuta wazazi na watoto wametandika kanga au blanketi kwenye nyasi, wamefungua chapati zao na chai ya thamosi, na nyanya amekaa na viatu amevivua. Wengine ni vijana wa vyuo, wengine ni maofisa wanaokimbia ili wapunguze tumbo. Tuliona pia mzee mmoja aliyekuwa ameketi peke yake kwenye benchi bila kufanya chochote kabisa. Alikuwa amelipa kiingilio ili akae hivyo. Tuseme kweli, wengi wenu mna mambo hayo yote nyumbani, isipokuwa labda hao mbega. Mna mto, mna jiwe, mna pango lenye hadithi, mna kilima ambacho ukikipanda unaona Mlima Kenya asubuhi. Kwa nini basi wageni hawaji kwenu?

Jibu tutalipata tukiangalia Karura ilivyokuwa zamani. Mito, miti na mapango yote yalikuwapo, na bado watu hawakwenda. Katika miaka ya 1990 ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unakwenda kutembea Karura angekuuliza kama umechoka na maisha. Ulikuwa msitu wa majambazi. Watu waliibiwa humo, na maiti zilitupwa humo. Wakati huo huo ardhi yake ilikuwa imeanza kumegwa na kugawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba za kifahari. Mnajua wenyewe, mahali ambapo wananchi wanapaogopa ni rahisi sana kuibwa, kwa kuwa hakuna wa kupiga kelele.

Aliyepiga kelele alikuwa Profesa Wangari Maathai, pamoja na akina mama wa Green Belt Movement, wanafunzi, wabunge kadhaa na viongozi wa dini. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda na miche ili wapande miti penye lango. Walikuta kundi la watu waliokuwa na silaha za jadi, wakapigwa, na yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake. Vijana wa vyuo vikuu wakaandamana mwezi huo huo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Profesa alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, akaaga dunia Septemba 2011. Tunataja hayo kwa kifupi kwa sababu wazee wengi hapa wanayakumbuka, lakini vijana wetu hawakuwa wamezaliwa, na ni vizuri wajue kwamba kivuli wanachokwenda kukikalia kililipiwa na watu.

Msitu ukaokoka, lakini bado ulikuwa unaogopwa. Kuokoa mahali ni jambo moja, na kupafanya mama na mtoto wapatembelee bila hofu ni jambo lingine kabisa. Hapo ndipo penye somo la vikundi.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria mpya ya misitu. Sheria hiyo iliruhusu wananchi wanaopakana na msitu wa serikali kuunda chama, kukiandikisha, na kufanya mapatano na Shirika la Huduma za Misitu ili wasaidie kuusimamia. Msitu unabaki mali ya umma, ila jirani anapata sauti. Sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake iliendeleza mpango huo. Karura walianza chama chao miaka ile ya 2009 na 2010, wakakiita Marafiki wa Karura. Wenye pesa walichanga pesa, kampuni na balozi zikasaidia, wakazungushia waya wa umeme. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa la busara kuliko waya wote. Hawakuleta askari kutoka mbali. Waliwachukua vijana wa kijiji cha Huruma, wakawafunza, wakawavalisha sare, wakawaita maskauti wa msitu. Baadhi ya vijana hao waliujua msitu vizuri mno, kwa sababu walikuwa wakiingia humo kukata miti. Nani atamjua mkata miti kama mkata miti mwenzake?

Turudi sasa kwa swali la yule mama. Mgeni halipii mti, kwa maana mti hauna bei ya kuutazama. Analipia kutoogopa. Mwanamke wa mjini anaweza kukimbia peke yake Karura saa moja asubuhi, bila mume, bila kaka, bila rungu. Hiyo ndiyo bidhaa iliyoko dukani. Nyinyi akina mama mnaielewa, maana hata hapa kijijini kuna vijia ambavyo hamvipiti jioni mkiwa peke yenu. Kama kikundi chenu kinataka wageni, kazi ya kwanza ni kukifanya kile kijia kiwe salama kwa binti yenu mwenyewe. Binti akipita salama, mgeni pia atapita. Na hata mgeni asipokuja, mtakuwa mmepata njia salama.

Jambo la pili ni dogo lakini lilitupendeza sana. Karura, kila njia panda ina nguzo yenye namba. Mtu akipotea, au akiteguka mguu, anapiga simu na kusema, "Niko kwenye namba fulani," nao wanajua pa kumfuata. Nguzo ya mti na rangi kidogo, gharama yake ni nini? Kikundi chochote kinaweza kufanya hivyo kwa siku moja ya kazi ya pamoja, panga mkononi, na uji wa saa nne.

La tatu ni choo. Mtuwie radhi, lakini lazima tuseme. Tumezunguka mahali pengi pazuri katika nchi hii, penye mandhari ya kumfanya mtu anyamaze, na choo hakuna, au kipo na hakiingiliki. Mama mwenye watoto watatu hawezi kukaa mahali hapo zaidi ya nusu saa, na mtu asiyekaa hanunui chai wala mahindi ya kuchoma. Kwa maoni yetu choo kisafi chenye maji ya kunawa kinaleta pesa kuliko bango la rangi. Kuna vikundi vilivyoanza na bango.

Takataka je? Tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vimekatazwa katika misitu, mbuga na fuo zilizohifadhiwa. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchini mwaka 2017. Kwa hiyo kesho kutwa tukienda, maji yabebwe kwenye chupa ya kudumu.

Sasa tufike mahali pagumu. Uzio ukizungushwa, kuna mtu anabaki nje. Mara nyingi ni yule mama wa kuni. Alikuwa akiingia kila siku, hakuna aliyemwuliza, na sasa kuna lango na tiketi. Wenye mbio na baiskeli wanafurahi, yeye jioni hana cha kuwasha. Tumeliona jambo hili katika miradi mingi, na mara nyingi aliyeandika mradi hakuwahi kupika kwa kuni. Tunasema wazi: kikundi kikifunga mlima au kijito ili kiwapokee wageni, na mjane wa jirani akakosa kuni, majani ya ng'ombe au dawa ya mizizi, mradi huo umeanza kwa kumnyang'anya maskini. Na si lazima iwe hivyo. Sheria ya 2016 imetaja haki ambazo chama cha wananchi kinaweza kupewa ndani ya msitu: kuni, nyasi na malisho, asali, dawa za miti shamba, na katika orodha hiyo hiyo, utalii na burudani. Vyote viko pamoja. Kwa hiyo mkiketi kuandika mapatano, siku za kuni ziandikwe kabla ya saa za wageni. Na yule mama awepo kwenye kikao, asiletewe habari baadaye.

Kuna na mtoto. Watoto wa kijijini wamezoea kuogelea mtoni bure. Je, mkianza kutoza kiingilio, mtoto wenu naye atalipa? Baadhi yenu mtasema hapana mara moja, lakini muulizane vizuri, maana mtoto wa kijiji cha pili pia alikuwa anaogelea hapo.

Halafu pesa. Hapo tusidanganyane. Hata Karura, pamoja na wasomi wake wote, pesa zimeleta mvutano. Kwa miaka kadhaa malipo ya langoni yalisaidia kulipa maskauti na kutunza njia. Agosti 2025 Shirika la Huduma za Misitu lilielekeza kwamba malipo yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Chama cha Marafiki kilipinga, kikisema mapatano ya usimamizi wa pamoja hayakufuatwa, na jambo hilo likapelekwa mahakamani. Sisi hatukuja kuamua kesi ya watu. Ila tunawauliza: kama msitu wenye mawakili na mabalozi wa jirani unaweza kuingia katika ugomvi juu ya pesa za lango, nyinyi ambao mapato yenu yako kwenye mkebe wa kakao chini ya kitanda cha mweka hazina mna kinga gani?

Mapatano yaandikwe mapema. Ni nani mwenye ardhi? Hili ndilo swali la kwanza kabisa. Kama ni msitu wa serikali, nendeni kwa Shirika la Misitu. Kama ni ardhi ya jamii, kuna sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016. Kama ni mahali pa kale palipohifadhiwa, Makavazi ya Taifa wana neno. Kama ni shamba la mtu, basi na aandikiane na kikundi wakati bado ni rafiki. Tumeona maporomoko ambayo kikundi kilikata njia miaka miwili, na wageni walipoanza kuja mwenye shamba akafunga kwa miiba. Alikuwa na haki yake, nao walikuwa na jasho lao, na karatasi hakukuwa nayo hata moja.

Pili, kikundi chenyewe kiwe na cheti. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ilipitishwa mwaka 2022, na inataka wanachama wasiopungua kumi, pamoja na katiba. Wale ambao cheti chenu ni cha zamani, pitieni kwa ofisa wa maendeleo ya jamii mwulize mnatakiwa mfanye nini. Msingoje mpaka siku ya kufungua akaunti ya benki.

Sasa msione kwamba mambo haya ni ya Nairobi tu. Huko Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini, akina mama walitengeneza njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe na mikoko. Matumbawe hayo yalikuwepo tangu enzi za mababu. Walichoongeza wao ni mbao za kukanyagia, na mtu wa kupokea malipo na kueleza. Pale Seme, karibu na Kisumu, kuna jiwe la Kit Mikayi, lenye urefu wa karibu mita 40, na jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Akina mama wa hapo huwapokea wageni kwa nyimbo na kuwasimulia habari za jiwe. Nje ya mji wa Machakos, mahali paitwapo Kyamwilu, maji huonekana kama yanapanda mlima, na vijana husimama na chupa zao tayari kukumwagia uone. Wataalamu wanasema ni macho yanadanganywa na umbo la mahali. Iwe hivyo, lakini kijana mwenye chupa ya maji na maneno mazuri anarudi nyumbani na unga.

Mnaona wote hao walianza na nini? Hakuna aliyeanza na hoteli. Tunasisitiza hivyo kwa sababu tunajua mnachotuandalia kwenye barua: "Tunaomba msaada wa kujenga bandas sita na jumba la mikutano." Tumezisoma barua hizo, tunaziheshimu, lakini tungependa kwanza tuone njia iliyofyekwa, nguzo zenye namba, choo, na daftari la wageni lenye majina ya watu ishirini waliokuja wenyewe. Wageni wa kwanza wasiwe Wazungu pia. Wawe walimu wa shule ya jirani na wanafunzi wao, kwaya ya parokia, kikundi cha akina mama wa tarafa nyingine wanaotaka kupumzika siku moja. Maana nani amesema kupumzika ni kwa watu wa Runda peke yao? Kuna akina mama katika chumba hiki ambao, tangu waolewe, hawajawahi kuketi chini ya mti mchana kutwa bila ya kuwa na mgonjwa wa kungojea au mazishi.

Jambo moja juu ya hatari. Maporomoko huua. Mawe huteleza, na mto unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali milimani huku jua linawaka kwenu. Mwongozaji awe mtu mzima anayeujua mto, awe na kamba, na awe na ujasiri wa kumwambia mgeni, hata mgeni mwenye pesa, "Leo hatushuki." Mtoto wa shule asiachwe kuongoza wageni siku ya masomo, hata kama anajua Kiingereza kuliko nyinyi wote. Akishaonja shilingi ya mgeni, darasani hatarudi kwa hiari.

Sasa kuhusu ziara. Kila kikundi kitaleta watu watatu, na angalau wawili wawe wanawake. Tafadhali msituletee mwenyekiti, katibu na mweka hazina kila safari. Mmoja awe mtu anayeokota kuni. Tukifika tutagawana kazi: mmoja aangalie lango na jinsi risiti zinavyotolewa, mmoja azungumze na maskauti na kuwauliza habari za kazi yao, na yule wa kuni atembee polepole pembeni mwa uzio atazame upande wa nje. Jioni kwenye gari tutamsikiliza yeye wa kwanza. Viatu viwe vya kufunga, si champali. Chakula mtabeba wenyewe, chai tutanunua huko. Gari litaondoka hapa parokiani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mkichelewa tutawaacha, kwani foleni ya Nairobi hatuiwezi. Maswali sasa. Tuanze na nyinyi wa mlangoni.